Kabla hujamfunga mtoto waya za meno, mwulize

Shule zikifungwa mwezi Juni na Desemba, mabasi ya asubuhi kutoka Babati kwenda Arusha hubeba abiria ambao miaka kumi iliyopita sikuwa nikiwaona sana: mzazi na mtoto wake wa darasa la sita au kidato cha kwanza, wanakwenda kufunga waya za meno. Wengine wanaziita bresi. Jioni wanarudi, mtoto kafumba mdomo, mzazi ana risiti mfukoni na moyo umetulia. Siku mbili tatu baadaye baadhi yao huja kwetu hospitali kwa sababu mtoto hali, analia usiku, au shavu limechubuka kwa ndani.

Mimi ni daktari wa kawaida, si wa meno. Kufunga na kukaza waya ni kazi ya daktari bingwa wa kupanga meno na siiingilii. Ninachotaka kuzungumza nawe leo, mzazi, ni yale yanayotokea nyumbani kati ya safari moja na nyingine. Mtoto hukaa kwenye kiti cha bingwa muda mfupi mara moja kwa mwezi au mwezi na nusu. Siku nyingine zote yuko mikononi mwako. Na kwa maoni yangu wazazi wengi tunajipanga vizuri kwa fedha, lakini mtoto mwenyewe hatumpangii chochote. Anaambiwa tu, "Kesho unakwenda kufungwa waya, oga mapema."

Kwanza hakikisha kwamba waya ndiyo tiba ya tatizo alilonalo. Nasema hivi kwa sababu tunaishi Manyara. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, lakini kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kukubali hadi miligramu 8 vijijini kwa sababu maji mengine hayakuwepo. Ongeza magadi tunayotia kwenye maharage na makande, ambayo nayo yana floraidi yake. Ndiyo maana watoto wetu wengi wana meno ya kahawia. Waya hazitoi rangi hiyo. Waya hupanga meno yaliyopindana, yaliyosongamana, yaliyochomoza mbele au yasiyokutana vizuri wakati wa kutafuna. Rangi ina tiba yake nyingine, na mara nyingi hufanywa baada ya meno kupangwa. Nimeona mtoto ambaye alikubali waya akiamini atatoka na meno meupe. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Hakuna aliyemweleza tu.

Kuhusu umri, wengi hufungwa waya kati ya miaka 10 na 14, meno mengi ya utu uzima yakiwa yameshaota. Ila mtoto akifika miaka 7 ni vizuri daktari wa meno amtazame, maana kuna matatizo ya taya yanayorekebishika kwa urahisi zaidi mapema. Na kwa wenye watoto wachanga, naomba msikubali mtu yeyote amng'oe mtoto kile kinachoitwa "meno ya plastiki". Zile ni chonge changa zilizo ndani ya fizi. Kuzichimba kunaweza kuua mtoto kwa kutokwa damu na maambukizi, na anayepona anaweza kukosa chonge za ukubwani au zikaota vibaya. Baadhi ya vinywa vinavyohitaji kupangwa leo viliharibiwa na kisu cha jirani miaka kumi iliyopita.

Sasa turudi kwa mtoto wako wa miaka 12. Mzungumze kabla ya safari, wiki kadhaa kabla, na umweleze ukweli. Kuweka waya hakuna sindano. Daktari husafisha meno, hugandisha kipande kidogo cha chuma kwenye kila jino, kisha hupitisha waya nyembamba inayoviunganisha vyote. Wakati huo hakuumi sana, bali kunachosha taya. Maumivu huanza saa chache baadaye, huzidi siku ya kwanza na ya pili, na hupungua ndani ya wiki. Mwambie hivyo hivyo. Ukimwambia "hakuumi kabisa", usiku wa kwanza atagundua umemdanganya, na bado unamhitaji akuamini kwa miezi 18 hadi 24 ijayo.

Ukishamweleza, mwulize kama anataka, na jibu lake likiwa hapana, mimi ningeahirisha. Najua wapo watakaosema mtoto haulizwi kuhusu matibabu, na kwa malaria wana haki. Lakini waya haifanyi kazi bila mwenye mdomo. Ni yeye atakayepiga mswaki baada ya kila mlo, atakayekataa mahindi ya kuchoma rafiki zake wakila, atakayevaa raba ndogo za kuvuta taya bila wewe kumwona. Mtoto aliyeburutwa ana njia mia za kuiharibu kazi hiyo, na hazihitaji hata ukaidi, uvivu kidogo tu unatosha. Mwaka mmoja wa kusubiri kwa kawaida hauharibu kitu. Isipokuwa pale meno ya mbele yamechomoza kiasi cha kuvunjika akianguka, au meno ya chini yanachoma kaakaa, au jino limekwama ndani ya mfupa. Hapo mwombe bingwa akueleze hatari ya kuchelewa, mtoto akiwepo na akisikia.

Usiku wa kwanza una mambo yake. Kinachouma si waya yenyewe. Waya inasukuma jino, na jino linasukuma mfupa. Upande unaosukumwa mfupa unayeyuka kidogo kidogo, upande wa nyuma unajengeka mwingine, na jino linasogea kama milimita moja kwa mwezi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa maelezo haya, na nimeona yakiwasaidia kuliko kuambiwa "vumilia". Akijua kwamba maumivu yana kazi na yana mwisho, analala.

Mpe panadoli kwa dozi ya uzito wake, na kama hujui dozi muulize mfamasia. Dozi ya kwanza inaweza kutolewa saa moja hivi kabla ya kukaza, kama daktari wa meno hana pingamizi. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, mara tatu au nne kwa siku. Kipande kikikwaruza shavu, kuna nta maalumu anayopewa hospitali. Anakausha kipande, anabandika nta kidogo, shavu linapumua. Usiondoke Arusha bila nta hiyo. Wazazi wengi huisahau mezani pamoja na maelekezo.

Chakula cha wiki ya kwanza kipangwe kabla. Babati tuna bahati. Wali wa Magugu uliopikwa ukalainika, perege wa ziwani aliyetolewa miiba yote, mbaazi zilizoiva hadi kusagika, mtori, uji, mayai, parachichi, papai, ndizi mbivu, maziwa, mtindi. Ugali unalika ukiwa laini na ukichovywa kwenye mchuzi wa kutosha. Nyama ichemshwe mpaka iachane na mfupa, ikatwe vipande vidogo, itafunwe na meno ya nyuma. Asipokula siku moja usiogope, mradi anakunywa. Siku ya tatu akiwa bado hali wala hanywi vizuri, mlete hospitali.

Vipo vya kuaga kwa miaka miwili, na hapo ndipo ugomvi huanzia: mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, miwa ya Kiru, bisi, kashata, karanga ngumu, barafu, bazoka, ubuyu wa kumung'unya, mifupa. Embe na guava zikatwe, asizing'ate. Usimwachie mtoto peke yake orodha hiyo. Kama nyumba nzima imekaa jioni inatafuna miwa na yeye kapewa kikombe cha uji, mmemtenga, na siku moja mtakapokuwa hampo atatafuna. Soda na juisi za sukari ni suala jingine. Hazivunji kitu, ila sukari ikikaa pembeni ya vile vipande hutoboa meno ambayo unalipia yanyooke.

Halafu kuna maneno ya watu. Watoto wa shule hawana huruma na ni wabunifu. "Seng'enge", "reli", "meno ya bati". Mwaka jana nilizungumza na mvulana aliyeletwa na mama yake kwa maumivu ya tumbo kila Jumatatu asubuhi. Tumbo halikuwa na kitu. Alikuwa amefungwa waya wiki tatu kabla na kila alipoinua mkono darasani kuna mwenzake alikuwa akitoa sauti ya king'ora cha treni. Nilimuuliza nyumbani wanasemaje. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aingie. Bibi yake alikuwa amesema wamemfunga mdomo kama ndama anayeachishwa kunyonya.

Kwa watu wa ng'ombe, bibi alisema alichokiona. Hakuna aliyekuwa amemwendea, akamwamkia, akamweleza vifaa hivyo ni vya nini. Mfanyie bibi heshima hiyo kabla ya safari. Bibi aliyeelewa atamsagia mjukuu chakula na kumtetea mbele ya wajomba, na wajomba ndio wagumu zaidi, utani wao hauishi hata msibani.

Shuleni, nenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa. Omba mambo mawili: aeleze darasa kwa dakika tano waya ni nini, na mtoto aruhusiwe kupiga mswaki baada ya chakula cha mchana. Nyumbani mzoeze mtoto jibu moja fupi la kumjibu mtani, bila hasira: "Ni waya, zinapanga meno, zitatolewa kidato cha kwanza." Alirudie mara kumi mbele ya kioo, au mbele yako, mpaka limtoke bila kutetemeka. Mtani asiyepata machozi huchoka. Akiendelea, au ikifika kupigwa na kunyang'anywa vitu, si utani tena na mwalimu mkuu anapaswa kujua.

Kwa mtoto wa bweni, mwandikie mlezi barua. Barua iseme ana waya, asile nini, hospitali gani anahudhuria, tarehe za kliniki, na namba yako ya simu. Mpe nta, mswaki wa akiba na kioo kidogo. Mwulize mlezi kuhusu makande ya shule yanavyopikwa, maana mahindi yasiyoiva ndiyo yanayong'oa vipande kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Hapo nimefika kwenye jambo linaloniudhi. Kipande kikibanduka, wazazi wengi hurukia fimbo. "Umekula nini? Unajua nimelipa kiasi gani?" Kwanza, jua hili: jino lililoathiriwa na floraidi halishiki gundi vizuri kama jino la kawaida. Katika mkoa wetu vipande vinaweza kubanduka hata kama mtoto hajatafuna kitu kigumu. Mweleze bingwa mapema kwamba mtoto amekulia maji ya chumvi ya huku, na uonyeshe madoa, ili aandae meno ipasavyo kabla ya kugandisha. Pili, hata kama alitafuna muwa, fimbo inamfundisha kitu kimoja tu, kukuficha. Mtoto aliyechapwa kwa kipande cha kwanza hatakuambia cha pili. Atakaa nacho kinaning'inia wiki nne, jino litarudi lilikotoka, au waya itazama kwenye fizi. Mimi huwapokea hao, na fizi zao huwa zimeshavimba usaha. Mpigie daktari simu, panga tarehe, na mtoto asikie unaongea kwa utulivu. Makosa yake ya chakula mtayazungumza siku nyingine.

Ncha ya waya ikichoma shavu usiku na hospitali iko mbali, isukume taratibu ilale kwenye jino kwa ufutio wa penseli uliosafishwa au kwa nyuma ya kijiko, kisha weka nta. Usitumie plaizi, na usimpeleke kwa fundi. Akimeza kipande kidogo na hana dalili yoyote, kwa kawaida kitatoka na choo, lakini mjulishe daktari. Akianza kukohoa ghafla, kupumua kwa shida au kushindwa kumeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo uso ukivimba na homa ikapanda. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili nacho kinahitaji kuonwa.

Mswaki upigwe juu ya vipande na chini yake, polepole, kwa kuinamisha brashi, na kile kiburashi chembamba kipitishwe chini ya waya. Usiku asilale bila kufanya hivyo hata kama amechoka. Mswaki wa mti hauingii kwenye nafasi hizo. Uchafu ukibaki, siku waya zinatolewa unaona alama nyeupe za chaki kuzunguka mahali vipande vilipokuwa, na nyingine hazifutiki. Hapa huulizwa swali zuri: kama floraidi imeharibu meno yetu, kwa nini mtoto atumie dawa ya meno yenye floraidi? Madoa ya kahawia hutengenezwa jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Kwa mtoto wa miaka 12, meno yanayoonekana yalishaundwa zamani, na dawa ya meno aliyoitema haitayapaka rangi. Inayalinda yasitoboke. Atumie. Mdogo wake aliye chini ya miaka mitatu ndiye wa kuwekewa kiasi cha punje ya mchele tu na kusimamiwa asimeze.

Tuzungumze hesabu, maana mtoto huumia pia kwa hesabu mbaya ya mzazi. Babati hadi Arusha ni kama kilomita 170. Kwa miezi 24, ukihudhuria kila wiki sita, ni safari 17 hivi, kwenda na kurudi, nauli ya watu wawili, chakula cha njiani na siku 17 za kazi au za shule. Uliza kabla ya kuanza: gharama yote ni kiasi gani, kipande kikibanduka unalipa tena, kuziondoa kunalipiwa, kifaa cha kuvaa baada ya hapo kimo kwenye bei? Kama una bima, peleka karatasi za matibabu waseme wanalipa nini, usikisie. Na usitegemee zao moja. Wakulima wa mbaazi mnakumbuka 2017, India ilipobana uingizaji wa mbaazi na bei ikaanguka. Mzazi aliyekuwa amepanga kulipia kliniki kwa mavuno kama yale angejikuta ana mtoto mwenye waya mdomoni na hana nauli.

Hali hiyo ikikufika, usinyamaze. Waya isiyosimamiwa inaendelea kusukuma, na haijui kwamba fedha zimeisha. Mpigie bingwa, mwambie ukweli, uliza kama anaweza kuweka waya isiyosukuma, kurefusha muda kati ya ziara, au kuziondoa kwa usalama na kuanza tena mkijipanga. Kama fedha za kumaliza hazionekani tangu mwanzo, na meno hayamdhuru mtoto, ni heri kuweka akiba kwanza. Mtoto atakusamehe kuchelewa.

Mwisho wa yote waya hutolewa na picha hupigwa, na wengi hudhani kazi imekwisha. Meno yaliyosogezwa hutaka kurudi, hasa miezi ya kwanza kabla mfupa haujakaza. Ndiyo maana mtoto hupewa kifaa cha kushikilia meno, wengine wanakiita riteina, avae kwa saa ambazo daktari atasema, baadaye usiku tu, kwa muda mrefu. Kioshwe kwa maji baridi na mswaki, maana maji ya moto hukipindisha. Wakati wa kula kikae kwenye kiboksi chake. Kikifungwa kwenye karatasi na kuachwa mezani, mtu atafuta meza na kukitupa na makombo. Andika jina la mtoto juu ya kiboksi, na kama yuko bweni, andika na namba yako ya simu.